Nilipomaliza kuyajua majina saba, binti yangu alikuwa ameshahama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na tunakaa Kisauni. Binti ana miaka 15, ndugu yake wa kiume ana miaka 9. Baba yao anafanya kazi bandarini kwa zamu, leo usiku kesho mchana, kwa hivyo mengi ya nyumbani yananiangukia mimi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikikaanga viazi karai, binti yangu amesimama mlangoni akingoja vipoe. Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia, "Nisikilize," nikaanza: RM, Jin, Suga, J-Hope, Jimin, V, Jungkook. Wote saba, sikukosea hata mmoja. Hao ni vijana wa BTS, kundi la waimbaji wa Korea Kusini, ambalo mwanangu alikuwa halali bila kulisikiliza tangu alipokuwa na miaka 10. Nilijifunza wiki mbili ndani ya tuktuk, nikienda kazini na nikirudi, majina na nyuso, na kila wakibadilisha rangi ya nywele nikawa naanza upya. Nilitaka kumfurahisha. Shangazi, alinitazama kwa huruma, huruma ya mtu mzima, akaniambia: "Mama, hao nimeshawaacha tangu mwaka jana." Akachukua sahani yake akaingia chumbani. Mafuta yakaendelea kuchemka na viazi vilivyobaki vikaungua, mimi nimesimama tu.

Si mara ya kwanza. Alipokuwa na miaka 4 ilikuwa yule binti mfalme wa barafu wa kwenye katuni. Nilimshonesha gauni la buluu lenye mikono mirefu, akalivaa kila harusi tuliyoalikwa, hata kwa joto la Januari, mpaka likapasuka kwapani. Siku niliyomletea la pili hakulitaka tena. Mwaka jana ikawa vile vidubwana vya Labubu vya kutundika mkobani. Nilinunua kimoja kwenye kibanda mjini, nikakificha kabatini hadi Idi. Alipokifungua aliyahesabu meno kwa ukucha, akasema ahsante, kisha akanieleza kwa upole kwamba cha kweli kina meno 9. Sasa ni katuni za Kijapani. Anachora macho makubwa kwenye kila karatasi, hata nyuma ya risiti zangu za stima.

Ndugu yake alianza na dinosau. Tulikuwa tunakula na dinosau mezani, tunaoga nao. Halafu kadi za Pokémon. Halafu mchezo wa kujenga nyumba za matofali kwenye simu. Sasa ni mchezo mwingine ambao siuelewi, na kila siku anataka nimnunulie sarafu zake.

Haya yote ningeyavumilia. Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Desemba 2022, binti yangu akiwa na miaka 12, nilimkuta analia juu ya sahani ya wali. Nilidhani anaumwa. Kumbe yule mkubwa wa kundi, Jin, alikuwa ameingia jeshini. Nilicheka, Shangazi. Nikamwita na dadangu aje asikie. Nikamwambia, "Hata babako akichelewa kurudi hulii hivi." Akafuta machozi, akamaliza wali wake. Sasa usiku wa ile Jumamosi ya viazi nilimfuata chumbani nikamuuliza: na yule wa jeshini alirudi lini? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Zamani, Mama."

Zamani, na mimi sikuambiwa.

Baba yao anasema ni upuuzi, tutie vitu vyote kwenye gunia tuvitupe. Mama mkwe anasema watoto watasahau dini na kwao. Uvunguni mwa kitanda kuna boksi zima la BTS: kadi za picha, kalenda iliyopita wakati, daftari lenye herufi za Kikorea alizojifundisha mwenyewe. Je, niendelee kukimbilia mapenzi yao haya yanayogeuka kama kaskazi na kusi, au niwaache? Boksi nimpe mtoto wa jirani? Nimechoka kufika kila mara watu wameshaondoka.

Mama wa wawili, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama palepale, kwenye "zamani, Mama." Kwa hivyo ya boksi na ya mama mkwe yatangoja kidogo.

Kwanza nikueleze alichokuwa akikililia. Korea Kusini, kila mwanamume mwenye afya analazimika kutumikia jeshi, na wa jeshi la nchi kavu hukaa kama miezi 18. Jin ndiye mkubwa wao kwa umri, ndiyo maana akatangulia Desemba 2022, akatoka Juni 2024. Wenzake wakafuata, na kufikia Juni 2025 wote saba walikuwa wamemaliza. Kwa mtoto wa miaka 12 hiyo ni hesabu ndefu. Ifungue ile kalenda iliyo kwenye boksi ukiwa naye siku moja, sitashangaa ukikuta tarehe zimezungushiwa kalamu. Mtoto alihesabu miezi 18 ndani ya nyumba yako. Siku ikafika, akafurahi peke yake chumbani, halafu ukamwita aje ale, akaja, mkala pamoja na wewe hukujua kwamba leo ni siku kubwa kwake. Hiyo ndiyo hasara yako, mwanangu. Gauni la buluu na kidubwana cha meno yasiyotimia ni pesa tu, na pesa ilikwenda ikarudi.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilikuwa yule mtoto. Nililelewa Majengo, hapahapa Mombasa, na miaka ya 1970 sisi wasichana tulikuwa na wazimu wa filamu za Kihindi. Tukitoka sinema za Naaz au Regal macho yamevimba kwa kulia. Nilikuwa na daftari nililoandika nyimbo zile kwa herufi zetu, neno kwa neno jinsi lilivyoniingia sikioni, maana yake sijui hata moja. Kwenye jalada nilibandika picha ya Amitabh Bachchan niliyoikata gazetini, kwa gundi ya unga wa ngano niliyoikoroga mwenyewe. Baba alilikuta. Hakupiga kelele. Alilichana vipande viwili, akavitia chini ya sufuria, na chakula cha usiku ule kikapikwa kwa daftari langu. Tulipendana na baba, nilimuuguza mpaka alipofumba macho, lakini la moyoni sikumpelekea tena tangu jioni ile. Alikuwa mtu wa kuamkiwa na kuheshimiwa.

Miaka michache baadaye namkuta amekaa barazani na redio yake, Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, anaimba. Mahadhi ni ya filamu ya Kihindi niliyoiona kwa macho yangu mawili. Maneno ndiyo ya Kiswahili chetu, ya mapenzi na ya majungu. Baba amefumba macho, kidole kinagonga goti. Juma Bhalo alizichukua nyimbo nyingi za Kihindi akazivisha mashairi ya Mombasa, na mji mzima ukaziita zake na zetu. Nilisimama mlangoni, nilitaka sana kumwambia, "Baba, huu nilikuwa nao daftarini." Nikapita.

Kwa hivyo mama mkwe akisema watoto watapotelea kwa watu, mketi naye kwa adabu umkumbushe mji wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa hapa Mombasa walishikwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za jeshi za Wazungu, na tarumbeta zao na sare zao na vyeo vyao. Mji ukagawanyika, hawa Kingi, hawa Skochi, na watu wakatumia fedha wasizokuwa nazo ili kundi lao lisishindwe. Wazee wa wakati ule walilaumu vilevile. Na sanduku lake mwenyewe la leso, mwombe alifungue. Leso zilipigwa chapa Uholanzi, zikapigwa chapa India, na kwa miaka mingi zikatoka Japani, nchi hiyohiyo ya katuni za mjukuu wake. Bibi zetu walikuwa wakisikia doti mpya imeshuka Biashara Street hawalali. Jina liliandikwa kwa Kiswahili, likafumbwa fumbo, ikavaliwa kwenye kuzaa na kwenye kufa, na leo nani atamwambia Mswahili kwamba leso si yake? Huu ni mji wa bandari. Kila jahazi lililotia nanga lilishusha kitu cha kuwatia watoto wazimu.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Sisi tulilia pamoja kwenye viti vya sinema, na kurudi nyumbani tukawa tunaimba njia nzima, mtu wa dukani akatusikia, jirani akatusikia. Binti yako yuko na simu na visikizi masikioni, na ile simu ndiyo inayomchagulia cha kuangalia baada ya hiki, na baada ya hicho. Mambo yanageuka haraka kwa sababu kuna wanaopata riziki kwa kuyageuza. Angalia jinsi vidubwana na kadi hizi zinavyouzwa: pakiti imefungwa, hujui ndani mna nani, ukikosa unayemtaka unanunua tena. Sarafu za mchezo wa mwanao ni mtego wa ukoo huohuo. Hapo uwe mkali bila kuona haya. Pesa ya Idi ni yao, wachague wenyewe, ikiisha imeisha. Kingine chochote kingoje mwisho wa mwezi. Vingi havitafika huko, na watajifunza hilo wao wenyewe bila wewe kusema neno.

Na kwa huyu mdogo kuna jambo moja zito kuliko sarafu. Michezo mingi ya simu ina mahali pa kuandikiana, na anayeandika upande wa pili anaweza kuwa mtu yeyote, wa umri wowote. Leo hii keti karibu naye, mwambie akuonyeshe anaongea na nani humo. Fungeni mazungumzo hayo pamoja kwenye mipangilio. Mchezo uchezwe sebuleni, simu isilale naye. Mapenzi ya watoto mimi nayatetea, lakini mgeni asiyejulikana hakai na mtoto wa miaka 9 chumbani, hata akiwa ndani ya kioo.

Sasa hilo la kukimbia. Mwanangu, acha kukimbia na majina. Wiki mbili ndani ya tuktuk ni mapenzi makubwa, na mimi nimekupenda kwa ajili yake, ila majina utachelewa daima. Tazama kinachobaki jina likiondoka. Huyu binti akiwa mdogo alitaka gauni. Akiwa na miaka 10 akajifundisha herufi za Kikorea peke yake. Sasa anachora macho nyuma ya risiti. Je, huoni kwamba ni mtoto yuleyule? Ni mtoto wa maumbo, wa mistari, mkono wake unataka kuandika. Zile herufi za Kikorea zilitungwa enzi za mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na leo za msingi ni 24. Mtoto aliyezishika bila mwalimu hajapoteza wakati.

Na hapa nina ombi. Bila shaka chuoni, kwenye madrasa, ameshasoma herufi za Kiarabu. Je, ameshawahi kuona Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo? Mashairi ya Muyaka bin Haji, wetu wa hapahapa Mvita, aliyefariki mwaka 1840, yalitufikia kwa maandishi hayo, na nyumba nyingi za Mombasa bado zina barua ya babu kwenye kasha. Mwulize mama mkwe kama ipo. Ikipatikana, mpe binti yako na usimhutubie, mwambie tu, "Mimi nashindwa kusoma, hebu nisaidie." Huenda akaitupa kando. Huenda pia mkamkuta na bibi yake wameinamiana kichwa kwa kichwa wakibishana hii ni p au ni b, maana herufi zile zina vita vyake kwenye Kiswahili.

Mdogo naye, mrudishe kidogo kwenye dinosau, mapenzi ya zamani hayafi haraka kwa watoto wa kiume. Mwulize kama anaijua Tendaguru. Ni kilima cha mkoa wa Lindi, ndani kidogo kutoka pwani hii hii yetu, kwa ndugu zetu wa Tanzania. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na waliochimba na kubeba mifupa kwa mabega hadi pwani walikuwa wenyeji. Mifupa ikapandishwa meli, na leo dinosau mmoja wa Tendaguru, Giraffatitan, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Huyu mpe baba yake amsimulie. Yeye anaona makontena kila siku, anajua mzigo mzito unavyopakiwa, basi akae na mwanawe wapige hesabu: mifupa mizito namna ile, bila barabara, bila kreni, ilifikaje melini? Nadhani baba atalisahau lile gunia lake.

Kuhusu kicheko cha Desemba ile, usikiache kipite kwa kudhani mtoto amesahau. Wala usimwite kikao. Jumapili jioni wachukue mwende Mama Ngina, mnunue mihogo ya ndimu na pilipili, mdogo akimbie na wenzake, nyinyi wawili mkae mkitazama meli zikiingia. Mwambie maneno machache: "Siku ile Jin alipoingia jeshini ukalia, nilikucheka. Nilikosea. Hebu niambie, siku aliyotoka ilikuwaje?" Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, nakujua kwa barua yako, utataka kujaza. Usijaze. Akisema "sikumbuki," kula muhogo wako. Akianza kueleza, hata kama ni miaka imepita, hata kama kundi lenyewe ameliacha, sikiliza kama habari ya leo asubuhi.

Na akija na jipya, usimtahini na usijifanye umeshalijua. Muulize swali la mtu asiyejua: huyu unayemchora ana shida gani? Mbona analia? Mama yangu, Mungu amrehemu, hakwenda sinema hata siku moja, lakini tukirudi Naaz alikuwa akipepeta mchele na kuniuliza, "Ehe, na yule mama yake kipofu akafanyaje?" Nilikuwa namsimulia filamu nzima, kwa muda wa saa tatu, mpaka kiza kinaingia. Hakujua jina la mwigizaji hata mmoja. Mpaka leo ninapoota filamu zile, sauti ninayoisikia ni ya ungo wake.

Boksi lirudishe uvunguni. Mtoto wa jirani atapata kingine. Hata binti yako mwenyewe akisema hana haja nalo, mwambie likae mwaka mmoja zaidi, na siku ya kulitoa alitoe kwa mkono wake, yeye ndiye ajue lipi la kugawa na lipi la kubaki. Mume ukimweleza habari ya daftari langu na sufuria ya baba, ataelewa.

Na hayo majina saba usiyaache yakutoke. Iko siku atakuwa anaosha vyombo, hajui kama uko nyuma yake, ataanza kuimba kipande cha wimbo wa zamani, na wewe utajua hiyo ni sehemu ya nani.

Shangazi